Mnaoucheka mkanda wangu, hebu tuelewane

Ndugu zangu, nawaandikia kutoka Garland, Texas. Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Kazi, watoto, kisha kazi tena. Huku ughaibuni siku zinakimbia kuliko mtu mwenyewe. Lakini leo sijaja kuwasimulia joto la huku wala bei ya nyama ya mbuzi. Leo nimekuja kugombana nanyi. Nawapenda, lakini tutagombana.

Wiki iliyopita nilituma kwenye kundi la familia video fupi ya kitu nilichokitengeneza mwenyewe kwa miezi mitano, kwenye banda la gari hapa nyumbani. Ni mkanda wa kusafirishia mizigo, ule wa viwandani, lakini mdogo. Urefu mita 1 na sentimita 20, upana sentimita 15. Ukiwasha swichi unazunguka, ukiweka jani upande huu linatembea mpaka upande ule. Basi. Sikuomba pongezi, lakini mlivyonijibu, jamani! Mmoja akasema, "Mtu mzima na ndevu zake anachezea." Mwingine: "Kumbe dola zinaishia kwenye midoli." Mjomba naye, kwa heshima zote, akauliza kama nimekwenda Marekani kurudia utoto. Vicheko vya kulia machozi vikajaa kundi zima.

Yangeishia hapo ningecheka nanyi, maana utani wa ndugu sio ugomvi. Lakini siku mbili baadaye, kwenye kundi lile lile, mkaanza kujadili suala la mpwa wangu, huyu wa dada aliyemaliza kidato cha nne. Nikaona watu wale wale, kwa midomo ile ile iliyoucheka mkanda, wakisema mtoto asipelekwe VETA maana VETA ni ya waliofeli. Atafutiwe shule ya binafsi, asome kidato cha tano na cha sita, mchepuo wowote utakaopatikana, na ada atume nani? Mimi. Hapo ndipo nikaona kwamba kicheko cha Jumatatu na kikao cha Jumatano ni kitu kimoja. Jina lake ni dharau. Dharau ya kazi ya mikono.

Sasa nisikilizeni, maana pesa mnazoziomba zinatoka kwenye mikono hiyo hiyo.

Wengi wenu mnajua nilikuja huku na shahada yangu kwenye bahasha ya kaki. Mnajua pia, ingawa hatupendi kulitamka, kwamba miaka ya kwanza nilibeba boksi. Ghala lenyewe silitaji jina, halina kosa. Boksi zinakuja kwenye mkanda, unazipokea, unazipanga, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, masaa kumi. Usiku mmoja mkanda ukaanza kukimbilia upande. Ukawa unajisugua kwenye fremu, mpira unanuka kuungua, boksi zinaanguka. Msimamizi akausimamisha. Tukasimama watu kama ishirini tunautazama. Kati ya hao ishirini mimi nilikuwa na shahada, na mimi ndiye nilijiona mjinga kuliko wote, kwa sababu mkanda ulikuwa mbele yangu kila siku na sikujua hata kwa nini unakaa katikati unapokaa katikati.

Akaja fundi, mzee mmoja wa Kimexico, Kiingereza chake cha kuombea maji. Hakufungua kitabu. Akauwasha mkanda polepole, akaukodolea macho, akatoa spana mfukoni, akakaza bolti moja kwenye rola ya mwisho, upande ule ambao mkanda unaukimbilia. Robo mzunguko tu. Akangoja mkanda uzunguke mara kadhaa. Akakaza tena kidogo. Mkanda ukarudi katikati kama mbuzi anayerudi zizini. Nikamfuata nikamuuliza kwa ishara na maneno mawili matatu, kwa nini? Akanionyesha kwa viganja vyake: mkanda unakimbia upande uliokazwa, unakwenda upande uliolegea. Akaondoka zake.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya uchovu. Nilimfikiria baba.

Wadogo zangu wengine hamkumbuki vizuri, kwa hiyo acheni nieleze. Baba alifanya kazi ya mkonge. Shamba lenyewe silitaji, lipo njia ya Korogwe, wanaojua wanajua. Sisi watu wa Tanga tumelishwa na mkonge tangu enzi za Mjerumani. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge iliyotokea Florida. Inasemekana ilianza safari miche 1,000 ikafika hai 62, na kutoka kwenye hiyo 62 yakajaa mashamba ya Tanga nzima. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Nani alizitoa? Watu kama baba.

Baba alikuwa kwenye korona. Vijana wa siku hizi mkisikia korona mnafikiria ugonjwa wa 2020. Sisi korona ni mashine ya kuchakata mkonge, na jina hilo tulikuwa nalo kabla ya ugonjwa. Majani yanaletwa mafungu mafungu, yanafunguliwa, yanapangwa yamelala kwenye mkanda, mkanda unayapeleka mashineni. Ndani kuna ngoma zenye vyuma butu zinazolipiga jani, maji yanamwagika, nyama ya jani inatoka, nyuzi zinabaki. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi kavu hazifiki hata kilo 5. Zilizobaki zote ni maji na takataka ya kijani, nayo inateleza, inanata na inawasha ngozi. Kazi ya baba ilikuwa kupanga majani kwenye mkanda.

Mwaka 1987 mkanda ule ulimla vidole viwili vya mkono wa kulia. Hilo mnalijua wote. Nyumbani tulifundishwa kusema ni ajali, ni mapenzi ya Mungu, na kwamba baba alijisahau. Baba mwenyewe alikuwa na maelezo mengine, lakini nani alimsikiliza? Alikuwa anasema hivi: takataka ya mkonge ilikuwa inaganda kwenye rola ya nyuma, upande mmoja. Ikiganda, mkanda unahama. Ukihama, majani yanaingia mashineni yamepinda, na mpangaji ndiye anayefokewa. Wiki nzima kabla ya ajali alimwambia mnyapara wasimamishe mashine, wasafishe rola. Mnyapara akamjibu, "Wewe kazi yako kupanga majani. Mambo ya mashine yana wenyewe." Basi baba akawa anaikwangua takataka mwenyewe, mkanda ukiwa unatembea, ili asifokewe. Siku ya siku mkono ukaenda nao.

Nilipokuwa sekondari nilikuwa naona aibu kidogo, Mungu anisamehe. Nilikuwa nafikiri baba anatafuta kisingizio. Takataka kidogo tu ihamishe mkanda mzito vile? Mimi mwanafunzi wa fizikia nilikuwa najua zaidi. Nilikuwa nimekariri.

Ndiyo sababu nimejenga mkanda. Ule si mdoli. Nilitaka kujua nani alisema kweli, baba au mnyapara.

Sasa niwaeleze ulivyo, maana najua yupo mmoja kati yenu atakayetaka kuujua vizuri, na huyo mmoja ananitosha. Baba alinikumbukia kwa hatua za miguu ukubwa wa meza ile, nikaupunguza mara sita. Fremu ni mbao. Rola ni vipande vya bomba la plastiki, ndani nimeweka beringi za viatu vya magurudumu, zile zenye tundu la milimita 8. Mota ni ya waipa za gari, nimeitoa kwenye uwanja wa magari chakavu. Mota ya waipa ni nzuri kwa sababu ina gia zake ndani tayari, haina haraka lakini ina nguvu. Yangu inazunguka kama mara 45 kwa dakika. Rola inayovuta ina kipenyo cha sentimita 5, kwa hiyo kila ikizunguka mara moja mkanda unasogea karibu sentimita 16. Pigeni hesabu: ni kama sentimita 12 kwa sekunde. Hesabu ya mzingo wa duara niliifundishwa kidato cha pili nikapata alama nzuri. Nimeielewa nikiwa na mvi, nimechuchumaa sakafuni Garland, nikiutazama mkanda unavyosogea.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Ukikipunguza kitu mara sita kwa urefu, eneo lake linapungua mara 36, na uzito wake mara 216. Kwa hiyo mashine ndogo haiwi mashine kubwa iliyonywea tu. Mzigo unakuwa mwepesi mno, lakini mpira wa mkanda haulainiki kwa sababu wewe umeamua kupunguza vipimo. Mkanda wangu wa kwanza niliukata kwenye tyubu ya gurudumu la lori. Ulivutika ovyo, ukawa unaruka. Wa pili nikaushona kwa turubai, ukatulia. Lakini haukukaa katikati. Kila nikiwasha unatambaa mpaka unaanguka. Wiki tatu! Mke wangu akawa ananiambia niuache nilale.

Dawa niliyoipata ni ya ajabu. Unachukua tepu ya umeme, unaizungusha mara mbili tatu katikati ya rola, ili katikati panenepe kidogo kuliko pembeni. Akili ya kawaida inakwambia mkanda utateleza kutoka kwenye kile kilima. Kumbe mkanda unapanda kilima! Unakimbilia pale palipo panene. Viwandani wanalijua hilo siku nyingi, rola zao nyingi zina tumbo katikati.

Hapo mikono ikaanza kunitetemeka. Nilikwenda jikoni nikachukua tonge la ugali wa jana. Nikalibandika kwenye rola ya nyuma, upande mmoja, nikalisambaza likawa kama ganda. Nikawasha. Mkanda ukakaa kidogo, halafu polepole ukaanza kuhama kuelekea upande wa ugali. Nikazima, nikasafisha, nikawasha: ukarudi. Nikabandika upande wa pili, ukahamia upande wa pili. Nilirudia mpaka ugali ukaisha.

Baba alikuwa sahihi, ndugu zangu. Mtu wa darasa la nne, mpangaji wa majani, alikuwa ameiona kwa macho yake sheria ile ile inayofanya rola zitengenezwe na tumbo. Mnyapara alikuwa na kalamu mfukoni, na alikuwa amekosea. Vidole viwili vimekwenda kwa sababu kuna mtu alidhani kwamba mwenye mikono michafu hawezi kuwa na akili. Msiniambie tena ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakumkataza mtu kuzima mashine.

Halafu nikajaribu jambo la pili, hili silipendi kulisimulia. Nilichukua karoti nikaisogeza pale ambapo mkanda unaingia chini na kukutana na rola. Mafundi wanapaita mdomo. Mkanda wangu ni mdogo na wa polepole, lakini karoti ilivutwa nikashindwa kuirudisha. Mkanda wa kweli unaweza kwenda nusu mita kwa sekunde au zaidi, maana yake sentimita 10 ni moja ya tano ya sekunde. Hapo hakuna kujisahau wala kutojisahau, hakuna binadamu wa kuuwahi. Kinachotakiwa ni kipande cha bati kinachofunika mdomo, na kamba ndefu pembeni ya mkanda ambayo yeyote akiivuta mashine inazimika. Kwangu bati nilikata kwenye mabaki, kamba ni ya viatu, swichi dola chache. Kwa kiwanda ingekuwa gharama gani? Ya chai.

Sasa turudi kwenu mnaocheka. Nawasikia mkisema: wewe una shahada yako, sasa unataka watoto wa wenzio wasisome. Sijasema hivyo. Nimesema kusoma bila kushika ni nusu ya kusoma, na sisi tumeigeuza hiyo nusu kuwa ndiyo elimu nzima. Mwalimu Nyerere alilisema mwaka 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea, kwamba tusiwafanye watoto waamini maarifa yote ya maana yako vitabuni na kwa wasomi tu. Tukapiga makofi, tukaendelea kuwachapa watoto wanaofungua redio. Mwaka 1973 ikaundwa SIDO kwa ajili ya viwanda vidogo. Mwaka 1994 ikatungwa sheria ya VETA. Serikali imefanya yake, mazuri na mabaya. Lakini hakuna sheria inayoweza kuingia sebuleni kwetu kutuondolea dharau. Hiyo ni kazi yetu.

Wengine mnasema: kwani shida iko wapi, mashine si zinanunuliwa China? Zinanunuliwa, ndiyo. Na nani kati yenu hajaona mashine iliyonunuliwa kwa harambee ikalala chini ya mwembe, kuku wanataga ndani yake, kwa sababu mkanda ulihama na hakuna aliyejua bolti ipi ikazwe robo mzunguko?

Na wengine mnasema ni mdoli tu. Haya. Mwaka 1901 ndugu wawili wa Wright, mafundi baiskeli ambao hata cheti cha sekondari hawakuwa nacho, walitengeneza sanduku la kupulizia upepo wakajaribu ndani yake mabawa madogo madogo kama 200. Midoli! Miaka miwili baadaye waliruka. Mwaka 1913 watu wa Henry Ford kule Highland Park walianza kuijaribu njia yao mpya kwa kuvuta fremu ya gari kwa kamba na winchi. Kamba, ndugu zangu, kama ya ndoo ya kisimani. Kuunganisha fremu moja kulikuwa kunachukua zaidi ya masaa 12, wakafika saa moja na nusu. Hapa Garland penyewe ni mji wa viwanda. Kofia za Resistol mnazoziona kwenye sinema za kicheza ng'ombe zimekuwa zikishonwa hapa tangu 1938. Jirani zangu wana meza ya kazi kwenye banda la gari, mzee na kijana, na hakuna anayewauliza wanachezea nini. Sisemi Wamarekani ni malaika, wana mabaya yao na mengine nimeyaonja. Hili moja tu nawaonea wivu.

Sisi je? Kila mmoja wetu aliwahi kutengeneza gari la waya, magurudumu ya ndala zilizokatika, usukani mrefu, tunakimbia nalo barabarani. Tulikuwa wahandisi bila kujua. Kisha tukaambiwa tuache upuuzi tukasome.

Huyu mpwa wangu mnayemjadili, kuna aliyemuuliza anataka nini? Mimi nilimpigia. Nikaambiwa hayupo, yuko kwenye mashine ya kusaga ya jirani, mkanda umekatika, ameitwa yeye aurudishe. Amefeli nini mtoto huyu? Ana miaka 17 na mtaa mzima unakula ugali kwa sababu yake, halafu nyinyi mnaokula ugali huo mnaona VETA itamtia aibu!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na naomba mjomba ausome kwenye kikao cha Jumapili bila kuruka mstari. Ada ninayo. Mtoto aulizwe mwenyewe, mbele yenu, na asikatwe kauli. Akisema VETA Tanga, natuma siku hiyo hiyo, na naongeza seti ya spana. Akisema kidato cha tano kwa hiari yake, natuma pia, lakini likizo anakwenda kwa fundi. Mkimchagulia nyinyi kwa kuogopa maneno ya watu, pesa yangu hamtaiona. Nimebeba boksi nyingi mno kuitumia kulipia dharau.

Nimalizie na hili. Ile video mliyoicheka, kati yenu wote ni mtu mmoja tu aliyeniuliza swali. Hakuandika, kuandika kunamsumbua kwa ule mkono. Alituma sauti, kakohoa kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, pale mdomoni umeweka kifuniko?"

Nimeweka, baba. Niliweka kabla sijauwasha tena.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Garland